Mama na sufuria yake ya uji

Kama wewe ni mtu wa kanisa, huenda unausoma ukurasa huu baada ya ibada, viatu umevivua, chai iko mezani na watoto wanagombania kurasa za katuni. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo husemwa sana mimbarini na kufanywa kidogo majumbani, yaani utumishi. Sina maana ya utumishi wa kuimba kwaya wala wa kuhesabu sadaka, ingawa hizo nazo ni kazi na zina wenyewe. Nazungumzia ule wa kila siku, wa kumwosha mgonjwa asiye mzazi wako na kupika uji utakaonywewa na mtoto usiyemzaa. Watu husema kwamba humo mna furaha. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni furaha ya namna gani hiyo?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nililipata nyumbani kwa shangazi yangu.

Mnamo Machi 2025 shangazi, anayeishi sehemu za Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay, alipatwa na kiharusi. Upande mzima wa kulia ukafa ganzi, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Habari zilinifikia Nairobi kwa simu, nami nikafanya kile ambacho sisi watu wa mjini tunakijua zaidi. Nilituma pesa. Juma la pili nikatuma tena, na nikajiona mtoto mwema. Juma la tatu binamu yangu akanipigia, akaniambia bila kumumunya maneno kwamba pesa zimefika na ameshukuru, lakini pesa hazina mikono. Yeye anafanya kazi Awendo na hurudi usiku. Nani anamgeuza mgonjwa mchana?

Nikaomba likizo ya siku kumi. Basi la usiku lilinishusha Rongo alfajiri, nikapanda matatu hadi Rodi Kopany, kisha nyingine ya kuelekea Ndhiwa, na safari ya mwisho nikaimalizia juu ya boda boda huku nimekumbatia mfuko wa mikate kama aliyebeba mtoto mchanga. Nilifika nikidhani nitamkuta shangazi amelala peke yake.

Nilimkuta na mgeni. Mama mmoja wa makamo, leso kiunoni, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimlisha uji wa wimbi kwa kijiko kidogo. Hakuinuka kunisalimu. Aliniangalia, akatabasamu, akasema, "Karibu, nyar Nairobi. Ngoja ameze kwanza."

Jina lake hakutaka niliandike, nami nimelitii ombi hilo. Kwa hivyo humu nitamwita Mama tu, kama nilivyokuwa nikimwita kule.

Dorkasi asiyelala

Mama si ndugu yetu. Wala hasali nasi. Shangazi ni Mkatoliki wa tangu utotoni, na akina mama wa jumuiya yao ndogo huja kila Alhamisi kusali naye rozari na kumfulia nguo. Mama ni Msabato, wa kikundi cha Dorkasi. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi huwa ameshabandika uji kwake, akaugawa, akafunika sufuria kwa kitambaa na kuanza mzunguko wa nyumba tatu. Kwanza ni kwa mzee mmoja kipofu, halafu kwa watoto wawili wanaoishi na nyanya yao, mwisho kwa shangazi.

Wengi wenu mnalijua jina la Dorkasi, lakini wengine huenda mkadhani ni jina la chama tu. Limetoka katika Matendo ya Mitume, sura ya tisa. Yule mwanamke wa Yafa, ambaye pia aliitwa Tabitha, alikuwa akiwashonea wajane nguo. Alipofariki na Petro akaitwa, wale wajane hawakumpa Petro hotuba ya sifa za marehemu. Walilia na kumwonyesha nguo. Nimeisikia hadithi hiyo tangu shule ya Jumapili, na ni kule Ndhiwa tu nilipotambua jinsi ushahidi wao ulivyokuwa mzito. Nguo unaweza kuishika.

Katika sehemu hizi za ziwa Usabato si jambo la jana. Wamishonari wao wa kwanza, Mkanada Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika mwenzetu kutoka nchi ambayo leo ni Malawi, walifika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka wa 1906. Baadaye zikafuata shule, kiwanda cha uchapishaji hapo hapo Gendia, na hospitali ya Kendu. Kwa upande wa Wakatoliki, Asumbi ni jina ambalo mtoto yeyote wa Homa Bay analijua, kwa shule zake na kwa masista Wafransisko wa Mtakatifu Yusufu ambao makao yao makuu yako papo hapo. Dayosisi ya Homa Bay yenyewe, ambayo mipaka yake inakumbatia kaunti zote mbili, Homa Bay na Migori, iliundwa mwaka wa 1993. Nayataja haya kwa sababu tukizungumza juu ya historia ya dini tunapenda kutaja maaskofu na majengo. Aliyebeba sufuria ya uji hatajwi.

Siku ya Sabato nilijua Mama hatakuja. Nikaamka mapema nifanye kazi mwenyewe. Lo! Nilipofungua mlango nikamkuta anapanda kilima, amevaa nguo zake nyeupe za kanisani, sufuria mkononi. Nikamuuliza, je, si leo ni siku ya mapumziko? Akacheka sana. "Ng'ombe wangu akitumbukia shimoni leo, nitamwacha mpaka kesho? Basi jirani ni mdogo kuliko ng'ombe?"

Beseni

Sasa nikuungamie jambo, msomaji. Siku ya kwanza nilipotakiwa kusaidia kumwosha shangazi, nilishindwa. Huyu ni mtu aliyenibeba mgongoni, akanifundisha kuchambua omena, akaniuzia kuku wake wawili ili niende chuo. Lakini Mama alipofunua shuka na harufu ikanipanda, nilitoka nje nikashika mti wa mwembe nikatapika. Aibu kubwa zaidi ilikuwa kwamba shangazi aliona. Hakuweza kusema, lakini machozi yalimtoka jicho moja, lile la upande uliokuwa bado na uhai.

Mama hakunikemea. Aliniita, akaniambia nilete maji ya vuguvugu katika beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza, na leso mbili kavu. Kisha akanifundisha kama anavyofundishwa mtoto wa darasa la kwanza. Usimvue mtu mzima nguo zote kwa mara moja. Funua mkono, uoshe, ukaushe, ufunike, ndipo uende kwenye mkono wa pili. Uso kwanza, na maji yakiwa bado safi. Mgongo, makalio, visigino na viwiko uvitazame vizuri, kwa maana hapo ndipo vidonda vya kulala huanzia, na huanza kwa wekundu au weusi mdogo tu ambao mtu mvivu hauoni. Mgeuze kila baada ya saa mbili. Unapomlisha mwinue akae, usimpe uji akiwa chali asije akapaliwa. Na jambo la mwisho, ambalo alilisema huku ameukazia macho uso wangu: "Zungumza naye. Usizungumze juu yake kana kwamba ametoka."

Hilo la mwisho lilinichoma, kwa sababu tangu nifike nilikuwa nikimuuliza Mama, "Amekula? Amelala?" hali shangazi yuko pale pale ananisikia.

Kufikia siku ya nne nilikuwa naweza kumwosha peke yangu. Sitadanganya kwamba nilisikia nyimbo za malaika. Nilisikia mgongo ukiniuma. Lakini siku hiyo hiyo, nilipomaliza kumpaka mafuta na kumfunika, shangazi alinishika kidole kwa mkono wake wa kushoto na hakukiachia kwa muda mrefu. Nilikaa pale kama nusu saa, simu yangu ikilia chumba cha pili, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sikutaka kuwa mahali pengine.

"Kila siku? La."

Jioni moja tukiwa tunachambua mboga ya osuga nje, nilimwuliza Mama lile swali. Nilidhani atanijibu kama wanavyojibu katika ushuhuda wa kanisani, kwamba furaha yake ni kamili na haina upungufu. Alifikiri kidogo.

"Kila siku? La," akasema. "Kuna siku nauchukia mlango wa yule mzee. Hutukana. Kuna siku nataka mvua inyeshe ili nipate sababu."

"Sasa mbona unaenda?"

Akanisimulia habari ya mumewe. Alifariki mwaka wa 1999, wakati UKIMWI ulipokuwa ukifyeka watu kando ya ziwa na dawa za kupunguza makali hazikuwa za mtu wa kawaida. Ndugu waliacha kuja. Majirani walipita njia ya mbali. Walikuja watu wa kuomba, akasema, wakasimama mlangoni wakaomba, wakaenda zao. Kisha siku moja akaja mwanamke mmoja wa kanisani ambaye hawakuwa hata marafiki.

"Hakuniambia Mungu ana makusudi yake," Mama akasema. "Aliniomba beseni."

Mwanamke huyo alikuja kila siku kwa wiki saba, mpaka siku ya mwisho. Tangu hapo Mama huona kwamba ana deni, na deni lenyewe haliwezi kulipwa kwa aliyemkopesha, kwa sababu naye alishafariki. Analilipa katika nyumba nyingine. Na furaha? Alisema huja wakati asioutarajia, mara nyingi akiwa njiani kurudi, sufuria ikiwa tupu na nyepesi. Mwili umechoka, lakini moyo hauna deni la siku ile. Kesho kuna lingine.

Vijana mnaosoma ukurasa huu, hasa mlio vyuoni, huenda hamkumbuki miaka hiyo. Homa Bay ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi nchini. Ilikuwa hapo, katika hospitali ya wilaya, mwaka wa 2001, ambapo madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walianza kuwapa wagonjwa dawa hizo bila malipo, kabla serikali haijaweza kufanya hivyo kote nchini. Hata hivyo ugonjwa haukuondoka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba watu 19.6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 Homa Bay walikuwa na virusi, na Migori 13, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa 4.9. Tofauti ni kwamba mtu anayemeza dawa zake vizuri siku hizi huishi, hulima, huzaa na kusomesha.

Ndiyo maana Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni na wafanyakazi wengi wa kliniki za UKIMWI wakaambiwa wakae nyumbani, watu wa ziwani walishtuka kuliko sisi wa Nairobi. Mtu aliyekuwa akipigiwa simu akikosa kufika kliniki hakupigiwa tena. Katika mtaa wa shangazi kazi hiyo ilirudi kwa miguu ya akina mama. Nilimwona Mama akipitia nyumba ya wale watoto wawili, akiuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari ya kuku, "Tembe ya jana mmemeza?" Kisha anahesabu zilizobaki chupani.

Mcheza kamari wa Karungu

Siku ya nane nilichukua matatu nikateremka na barabara hiyo hiyo hadi Karungu, upande wa Migori, mahali ambapo ziwa linakusimamisha kwa ghafla. Nilitaka kuiona Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Kamilo, ambayo sifa zake nilikuwa nimezisikia tangu utotoni, pamoja na kituo cha watoto mayatima kiitwacho Dala Kiye. Kwa Kijaluo jina hilo ni kama kusema boma la mayatima. Sikukaa sana. Lakini nilirudi nikiwa na hamu ya kujua huyo Kamilo alikuwa nani, na nilipopata kusoma habari zake nilicheka peke yangu.

Nilitegemea mtakatifu wa kupiga magoti tangu tumboni mwa mamake. Kumbe Camillus de Lellis, Mwitalia aliyezaliwa mwaka wa 1550, alikuwa askari mkorofi na mcheza kamari sugu, mtu wa kupoteza kila kitu mezani. Alikuwa na kidonda cha mguu ambacho hakikupona maisha yake yote. Kidonda hicho ndicho kilichompeleka katika hospitali moja ya Roma, ambako alitibiwa na kupewa kazi, na baadaye akafukuzwa kwa ugomvi na kamari. Mwaka wa 1575, akiwa kibarua wa kujenga nyumba ya watawa, moyo ukamgeuka. Watawa hawakumchukua kwa sababu ya ule mguu. Basi akarudi kwenye ile hospitali iliyomfukuza, safari hii kama mhudumu. Wakati huo wagonjwa walitunzwa na vibarua waliolipwa kidogo na waliojali kidogo zaidi. Camillus akakusanya watu waliokuwa tayari kumhudumia mgonjwa kwa mapenzi, wakawa shirika, na wakavaa msalaba mwekundu kifuani. Alifariki mwaka wa 1614, na wafuasi wake ndio waliofika hadi Karungu.

Kinachonivutia ni ule mguu. Aliwaosha wengine vidonda huku chake kikimuuma. Nadhani ndiyo maana alijua namna ya kushika.

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Nimewasikia viongozi wa makanisa na wa serikali wakisifu furaha ya akina mama hawa kiasi kwamba inakuwa sababu ya kutowapa chochote. Tangu mpango wa afya ya jamii uanze mwaka wa 2006, maelfu ya watu walitembea nyumba kwa nyumba bila mshahara wa kueleweka. Ni mwaka wa 2023 ndipo serikali iliposema wahudumu 100,000 wa afya mashinani watapata shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mama hayumo katika orodha hiyo. Yeye ni Dorkasi tu. Wimbi la uji analinunua sokoni kwa pesa za mboga zake, glavu alizonazo ni jozi moja, huzifua na kuzianika juu ya ua kama soksi.

Nilipomwuliza kama angekataa kulipwa, alinitazama kana kwamba nimeuliza kama angekataa mvua. "Nani amekwambia mtu akilipwa hafurahi?" Na Biblia yenyewe, ukiisoma vizuri, haimnyimi mfanyakazi ujira wake. Paulo alishona mahema. Kwa hivyo, mheshimiwa ambaye wiki ijayo utasimama mbele ya akina mama uwaambie thawabu yao iko mbinguni, tafadhali beba na katoni ya glavu.

Na sisi wengine? Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliwahi kuniambia kwamba kundi lao la Kikristo huenda kituo cha mayatima mara moja kila muhula, hupeleka unga na sabuni, hupiga picha na kurudi. Sikumkejeli, kwa maana unga ni unga. Lakini nilimwuliza kama anamjua mtoto mmoja kwa jina. Alinyamaza. Mtaani kwenu Umoja, Kayole au Lang'ata kuna mlango ambao haujafunguliwa tangu Ijumaa, na unaujua. Huhitaji basi la chuo kufika hapo.

Asubuhi yangu ya mwisho Ndhiwa, saa kumi na mbili ilipita, Mama hakuonekana. Saa moja ikapita. Nilikuwa nimeshamwosha shangazi, nikapika uji mwenyewe, na shangazi akaunywa nusu kikombe, kikombe amekishika kwa mkono wake wa kushoto. Kama saa mbili hivi Mama akafika, macho mekundu. Yule mzee kipofu alikuwa mahututi usiku kucha, naye alikesha huko, ingawa huyo ndiye aliyekuwa akimtukana. Aliwahi tu kupita kwa watoto.

Nilimchukua sufuria mkononi, nikamwekea kiti chini ya mwembe na kumletea chai ya maziwa na mkate. Katika siku zote kumi sikuwa nimemwona akila kitu nyumbani kwetu. Alikunywa chai yote. Kisha akaegemea mti, na kabla sijaondoa kikombe alikuwa amesinzia.

Nikamwacha. Niliingia ndani kufunga mfuko wangu. Baada ya muda nikasikia sauti yake dirishani.

"Nyar Nairobi, umemgeuza?"

"Nimemgeuza, Mama."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

Akapiga hesabu kidogo kwa vidole. "Basi bado," akasema, akajifunika leso usoni na kulala tena.